Dawa Mbili kwa Zamu Moja

Juzi nilipeleka viatu vya mteja Upanga, jozi mbili nilizozibadilisha soli. Mwenyewe hakuwepo, nikaambiwa nimsubiri barazani. Hapo barazani palikuwa na vijana wanne wameizunguka meza, wanarusha dadu zenye pembe nyingi, na katikati yao kuna boksi la karatasi ngumu limefunuliwa. Mmoja mwenye miwani alikuwa amesimama kabisa, anagomba. Anasema mnyama ameshamlaza kwa uchawi wa kwanza, na huu uchawi wa pili haupigi kelele, sasa mnyama ataamshwa na nini? Mtu amwonyeshe sheria inakataza wapi. Wenzake wanampigia makelele. Mimi nimesimama na viatu vya watu mkononi, mtu mzima mwenye mguu mfupi, na harufu ya lile boksi ikanifikia: harufu ya karatasi iliyowahi kulowa ikakauka juani. Macho yakaniwasha. Yule kijana akadhani nimechoka, akanisogezea kiti.

"Karibu mzee. Tusamehe kwa kelele."

"Endelea kijana wangu," nikamwambia. "Usikubali. Kama haijakatazwa, haijakatazwa."

Wakacheka, wakadhani mzee anajichangamsha tu. Sikuwaeleza kitu. Ila nyinyi wa rika langu, mliokua wakati sabuni ya mche inakatwa kwa uzi na kila mtu anapata kipande chake, nyinyi nitawaeleza.

Na nitataja majina, maana waliyoyafanya hawakuyaonea haya, kwa hiyo mimi sina sababu ya kuwaonea haya wao. Mguu wangu ulivunjwa na Hamisi, dereva wa pikapu ya mkaa, kwenye kona ya Mtaa wa Sikukuu, saa ya mchana, jua linawaka, hakuna mvua wala giza la kusingizia. Alikuwa ametoa kichwa dirishani anaongea na mtu aliyekuwa ameshampita. Hamisi hakuja kunipa pole hata siku moja. Nilifungwa hogo la plasta mguu mzima, kuanzia nyonga hadi vidole, na lilipofunguliwa mguu ukatoka umepinda na umefupika. Nikapewa magongo. Sasa hapo ndipo anapoingia Baba mdogo Shabani. Baba yangu alishakwenda zake Tanga kwa mke mwingine, kwa hiyo mwenye sauti ndani ya ile nyumba alikuwa mdogo wake. Mama akamwambia mtoto arudi shule. Shabani akajibu, na mimi namsikia, nipo palepale mkekani: "Shule ni ya wenye miguu miwili. Huyu akae, atafute kazi ya kukaa." Nikaishia darasa la tatu. Hiki mnachokisoma nimejifunza kukiandika kwa kusoma magazeti ya kufungia viatu, ukurasa mmoja mmoja, na habari nyingi sikuwahi kujua ziliishaje.

Basi mtu angedhani mwaka ule ndio ninaoulilia. La. Mwaka ule, nikiuweka pembeni ya miaka mingine yote, ndio ninaopenda kurudi kukaa ndani yake.

Nyumba yetu ilikuwa ile ya Kiswahili, vyumba sita na ukumbi katikati, bati juu, na mbele kibaraza cha saruji iliyosuguliwa na makalio ya watu mpaka ikang'aa. Mimi nilikuwa nikitolewa asubuhi na kuwekwa kibarazani kama mtungi. Mama anakaanga vitumbua hatua tatu kutoka kwangu, watu wanapita kwenda sokoni, nami nawajua kwa miguu yao kabla sijawainulia uso. Ng'ambo ya njia, Mama Deo alikuwa ametundika mitumba yake. Alikuwa mwanamke wa Kilimanjaro, mrefu, sauti yake inasikika mpaka mtaa wa pili. Mwanawe Deo alikuwa na miaka kumi na tatu, anavaa shati limefungwa mpaka kifungo cha juu, na anaongea taratibu kama anasoma tangazo.

Siku moja Mama Deo alifungua robota la nguo za watoto, na katikati ya sweta akakuta boksi limebonyea. Ndani mna dadu tano, hakuna mbili zinazofanana, na kitabu chenye picha ya joka lenye mabawa. Nusu ya kurasa zilikuwa zimeng'oka. Mama Deo akataka kulitumia kuwashia jiko. Deo akalidaka, akavuka nalo njia, akaketi kwenye kibaraza chetu kwa sababu ndicho kilichokuwa na kivuli saa ile. Akakifungua kitabu, akakitazama kwa muda mrefu, kisha akasema, "Huu ni mchezo. Kila mmoja anakuwa na mtu wake. Mtu ana dawa. Mnakwenda kumtafuta joka."

Sisi tuliamini kwamba anasoma Kiingereza. Deo alikuwa wa kwanza darasani, kwa nini tusiamini? Kitabu kile kilikaa kwangu miaka mingi, na siku moja mteja aliyewahi kufanya kazi ya ubaharia akakishika, akakigeuza, akaniambia, "Fundi, hiki mbona si Kiingereza? Hiki ni Kijerumani." Nilicheka mpaka nikaiweka nyundo chini. Maana yake sheria zote zile, tulizogombania mpaka kutokwa na machozi, Deo alizitoa kichwani mwake, huku kidole kikitembea juu ya mistari kama anayefuata neno kwa neno.

Alivyokuwa na akili, joka alimweka mahali tunapopajua. Joka lilikuwa Shimoni, ile sehemu ya chini ya soko, chini ya ardhi kabisa, wanakoshusha mizigo. Nani asiyeijua ile harufu inayopanda kutoka kule, ndizi zilizopitiliza, dagaa, magunia yaliyolowa? Mimi nilijua ni pumzi ya joka. Nilikuwa na miaka tisa, wala sikuwa mjinga, nilijua mchezo ni mchezo. Lakini mama akinituma salamu kwa muuza ndimu karibu na zile ngazi za kushukia, nilibana pumzi na kwenda na magongo yangu mbiombio, nisije nikauvuta moshi wake. Miaka ya baadaye nimeshusha vitunguu palepale Shimoni kabla sijashika sindano ya viatu, na hadi leo nikiteremka nasikia mgongo unasisimka.

Tulikuwa wachezaji watatu na Deo ndiye Mwenye Kitabu. Mimi. Kabula. Na Ramadhani, tuliyemwita Rama. Kabula alikuwa binti wa chumba cha tatu cha nyumba yetu, wapangaji, Wanyamwezi wa Tabora, baba yake fundi cherehani. Na kwa kuwa sisi ni Wazaramo, yule alikuwa mtani wangu, na hilo halikuwa jambo la kuchagua. Asubuhi nikiwa bado na tongotongo anapita, "Mzaramo, umekaa tu? Ngoma imeisha jana, nenda shamba." Nami namjibu, "Mbeba mizigo, leo umebeba nini cha watu?" Ananyang'anya kitumbua changu kilichokwisha kuumwa, anakila akinitazama, na mama anacheka. Nikinuna napigwa mimi. Mtani hanuniwi.

Rama alikuwa wa ghorofa. Mkabala na nyumba yetu, upande wa Mama Deo, lilikuwepo jengo moja la ghorofa, na wao walikaa ghorofa ya nne. Na huyu naye namtaja, ingawa tulikuwa watoto. Rama alirusha dadu kwa kulitelezesha, halibingiriki, linakwenda kama sabuni sakafuni, na namba aliyoitaka inabaki juu. Na ni yeye aliyenipa jina la Magongo. "Magongo, zamu yako. Magongo, sogea." Lile jina lilikaa kwangu muda mrefu kuliko yeye mwenyewe.

Sasa sheria, maana bila sheria hamtaona nilichokiona. Kila mtu alikuwa na dawa mbili, na dawa moja ina mwenyewe mmoja, haipatikani kwa mwingine. Tulizichora kwenye vizibo vya soda kwa msumari. Mimi nilikuwa na dawa ya kuelea, inayokutembeza hewani bila kugusa chini, na ya kuona gizani. Rama alikuwa na ya kivuli, inayomficha mtu, na ya moto. Kabula alikuwa na ya maji na ya kulaza. Zote zilidumu zamu moja tu. Na Deo alikuwa na makatazo mawili, akiyasema huku ameinua kidole: dawa moja kwa zamu moja, mtu asichanganye dawa zake; na kuazimana au kupeana dawa hakuna. Hili la kuchanganya mimi lilinikaa sana, kwa kuwa hata mganga wa zahanati aliponipa vidonge vya mguu alimwambia mama hivyohivyo, usimchanganyie dawa. Nikaona kumbe ni sheria ya dunia nzima.

Kabula alipochagua dawa ya kulaza, Rama alimcheka. "Unamlaza joka, halafu? Ukikanyaga tu anaamka." Ilikuwa kweli. Joka la Deo lilikuwa na usingizi wa paka. Kishindo cha unyayo mmoja kilitosha. Kabula akasema tu, "Nimependa jina lake."

Na kulikuwa na jambo moja jingine, nililiona dogo wakati ule. Tulipokuwa wiki ya pili ya mchezo, mtu wangu aliokota rungu zuri kwenye pango. Kabula akanyoosha mkono, akakitwaa kile kizibo cha rungu mbele yangu, akakiweka kwake.

"Deo! Ameniibia!" nikalia.

"Mimi mtani wake," Kabula akasema, hata hakuinua uso.

Deo akafunua kitabu, akatafuta, akakuna sikio. Kwao wanao watani pia, Wapare, alijua uzito wake. Akafunga kitabu. "Watani hao. Kitabu hakiingilii watani." Rama akacheka mpaka akalala chali, kwa sababu aliyechukuliwa ni mimi.

Mambo yakaenda hivyo miezi mingi. Alasiri baada ya shule wanakuja, wote watatu, wananikuta palepale. Huo ndio utamu wenyewe ninaouzungumzia. Mtoto wa magongo hafuati wenzake. Wenzake wakikimbilia Mnazi Mmoja kucheza mpira wa chandimu, yeye anabaki na vifaranga. Lakini mwaka ule, mbio zote za alasiri zilikuwa za kuja kwenye kibaraza changu. Ningetaka nini zaidi?

Kisha Deo akatuambia anakwenda kusoma seminari, kwao kaskazini, mwaka ukianza. Boksi analiacha. "Tutafanya safari ya mwisho," akasema. "Kila mtu anaingia Shimoni peke yake. Hatua saba mpaka kwenye kigoda cha dhahabu. Atakayekifikia, au atakayefika mbali kuliko wenzake, ndiye Mwenye Kitabu. Mchezo unahamia kwake."

Rama hakusubiri. "Kwetu kuna meza," akasema. "Kuna feni. Nikishinda, tutacheza kwetu."

Mimi nikalitazama lile ghorofa. Ngazi zake nilizijua kwa macho, zilikuwa nje, za zege, hazina pa kushika, zinapinda, zinapinda tena. Nilishawahi kujaribu, mchana mmoja wakati hakuna mtu. Nilifika ngazi ya saba, gongo likateleza, nikateremka kwa makalio.

"Na Athumani?" Kabula akauliza. Athumani ndio jina langu.

"Magongo atakaa chini atulindie viatu," Rama akasema.

Wala hakusema kwa ubaya, naapa, alisema kama mtu anayegawa kazi. Ndiyo maana liliniingia zaidi. Lilikuwa na sauti ya Shabani ndani yake.

Wiki ile sikula vizuri. Nilizipanga dawa zangu mbili kichwani, nikazipangua. Nikielea, joka yu macho, ananiona hewani kama popo, ananichoma. Nikiona gizani, naona tu nitakavyochomwa. Mama akaniuliza naumwa nini, nikamwambia joka. Akanigusa paji la uso.

Siku yenyewe ikawa Jumamosi, baada ya adhuhuri. Mama Deo alikuwa anapunga nzi kwenye mitumba yake, mwenye ndizi za kuchoma amepita, Baba mdogo Shabani amelala ndani anakoroma. Tukapiga dadu kupata zamu: Kabula wa kwanza, Rama wa pili, mimi wa mwisho.

Kabula akaingia Shimoni. Hatua ya kwanza. Hatua ya pili. "Unatumia dawa gani?" Deo akauliza. "Situmii," akasema. "Joka limekuona. Limekuchoma." "Haya, nimekufa," akasema, akajilaza kwenye saruji, akajifunika uso kwa kanga, akaendelea kula embe lake chini ya kanga. Vizibo vyake viwili aliviacha wazi, picha juu, hajavitumia, kimoja kimekaa kabisa karibu na goti langu. Nilimkasirikia moyoni. Nilimwona mzembe, mtu anayechezea jambo ambalo mimi linaniua.

Rama akaingia na dawa ya kivuli, akapita hatua nne hajaonekana. Ya tano akakanyaga mkia wa joka, joka likageuka, likamchoma. Hatua tano. Akapiga makofi hata hivyo. "Tano! Nani ana tano? Deo, kesho nakuja na mfuko, tunabeba boksi."

"Athumani," Deo akasema. "Ingia."

Nikakaa. Watu wanapita njiani, nasikia tu kandambili zao. Nikakitazama kile kizibo cha Kabula karibu na goti langu, mtu amelala, amechorwa kwa msumari, macho yake mistari miwili. Na ikanijia. Haikuja kwa maneno, ilikuja kama ladha mdomoni. Mkono wangu ukaenda wenyewe. Nikakichukua.

"Namlaza joka," nikasema. "Na naelea."

Rama akaruka. "Dawa mbili! Umechanganya! Deo, amechanganya!"

"Yangu moja," nikasema. "Kuelea. Kulaza ni ya Kabula."

"Basi umeazima! Kuazimana hakuna!"

"Sijaazima. Nimechukua."

"Basi wewe mwizi!"

"Mtani haibi. Kitabu hakiingilii watani. Deo, si ulisema mwenyewe? Kwenye rungu langu ulisema."

Deo akafunua kitabu haraka, akakifunga. Rama akaona pa kupenya. "Lakini Kabula amekufa," akasema taratibu, kama wakili. "Maiti hana dawa. Utachukuaje kitu kwa maiti?"

"Ndiyo vizuri zaidi," nikamwambia. "Babu yake Kabula alipokufa, koti lake lilivaliwa na nani?"

Hata Rama alilijua hilo, maana alikuwepo. Ilikuwa haijapita miezi mitatu. Babu yake Kabula alifia palepale chumba cha tatu, na Wazaramo wa mtaani walikuja kama watani wanavyokuja. Mama yangu mzazi alivaa koti la marehemu, akachukua na bakora yake, akatembea ukumbini akivuta mguu na kukohoa kama yeye, anaulizia kahawa yake iko wapi, na wafiwa wanalia na kucheka kwa pumzi moja. Jeneza likazuiwa mlangoni mpaka watani walipopewa kuku. Bibi yake Kabula hakusema wizi. Alisema, "Mmetuzikia vizuri." Na koti lile mama hakulirudisha, alilivaa mvua zote za mwaka ule.

Deo akaangalia huku na huku. Nilimwona anatokwa jasho, yule mtoto mwenye kifungo cha juu. Kisha akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akasimama ukingoni mwa kibaraza akaita ng'ambo. "Mama! Mtani akichukua kitu cha mtani aliyekufa, ni wizi?"

Mama Deo akadondosha sweta. "Nani amekufa?"

"Kabula!"

"Kabula gani? Si huyo hapo anakula embe!"

"Amekufa mchezoni, mama."

"Maiti haisemi," Kabula akasema kutoka chini ya kanga, "lakini naomba watu wasinikanyage miguu."

Mama Deo akavuka njia, ameshika kiuno, tayari kugomba. Rama akaeleza upande wake, nami wangu, wote pamoja. Akasikiliza mpaka mwisho, nadhani kwa sababu alikuwa hajapata mteja tangu asubuhi. "Sikilizeni," akasema. "Msiba wa baba yangu, Wapare walikuja wakabeba sufuria la ndizi na nyama likiwa jikoni, moto unawaka, wakaenda kulila chini ya mgomba wetu wenyewe. Nani alisema wizi? Tulicheka huku tunalia. Mtani haombi, na mtani haazimi. Anachukua. Ila," akaninyooshea kidole, "na wewe ukichukuliwa usije kulia kwangu. Imeisha. Deo, njoo unishikie ngazi nitundike makoti."

Deo akakaa chini. Akapumua. "Joka limelala," akasema. "Athumani anaelea. Hatua ya kwanza, hakuna kishindo. Ya pili." Akazihesabu zote, polepole, kidole kikitembea kwenye Kijerumani. Nilipita juu ya mkia wa joka, juu ya mgongo, niliona magamba yake yanavyopanda na kushuka na nikaisikia ile harufu ya ndizi na magunia. Sikuwa na gongo hata moja. Kwenye hatua ya saba Deo akanisukumia boksi kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenziwe sahani ya chakula, akakimbia kumshikia mama yake ngazi.

Rama akateremka kibarazani bila kuaga.

Jioni ile, mama alipokuwa anaosha karai, nikamwuliza Kabula, "Mbona hukuitumia dawa yako? Ungefika mbali."

"Nilisahau," akasema.

Na mimi nikamwamini! Nilimwamini miaka mingi, mpaka ndevu zikanitoka. Msichana aliyejua sindano ya baba yake imeangukia kwenye ufa upi wa sakafu, aliyejua nani mtaani ana deni la kibaba cha mchele na tangu lini, amesahau kizibo alichokiweka mwenyewe karibu na goti langu, picha juu. Nilijiona mimi ndiye mwerevu, nimeutoboa ukuta wa sheria peke yangu. Siku nilipoelewa nilikuwa nashona kiatu cha mtu, nikakaa na sindano hewani. Siku hizi yuko Tabora, bibi wa wajukuu, na akija mjini anafikia kwangu na kula chakula changu chote. Sijawahi kumshukuru. Mtani hashukuriwi, utamkosea heshima. Jioni ile yenyewe, baada ya kusema nilisahau, alivuta mto niliokuwa nimeegemezea mguu wangu, akaukalia, akasema joka limempa usingizi. Nami nikacheka, maana hukumu ya Mama Deo ilikuwa bado ya moto.

Kesho yake sikujua kama watu watakuja. Nilitolewa mapema, nikalifuta boksi, nikazipanga dadu kwa ukubwa. Baba mdogo Shabani akapita akielekea msikitini, akasimama. "Na hicho kitabu, wewe wa kusoma nini?" Nikaendelea kupanga dadu. Alasiri akaja Kabula, akakalia mahali pake. Wakaja watoto wawili wa mtaa wa pili waliokuwa wamesikia habari ya kuelea, wakaketi pembeni na kamasi zao. Deo akaja, naye mara hii amekaa upande wa wachezaji, kifungo cha juu amekifungua. Nikafunua kitabu. Herufi zilikuwa nyingi na zimesongamana, na hata neno moja halikunisemesha. Nikaweka kidole mstari wa kwanza, kama nilivyomwona Deo akifanya, nikasikia sauti yangu inaanza kuwaambia kwamba joka la Shimoni lilikuwa na mdogo wake, na huyo anakaa chini ya kivuko cha Kivukoni, na hana usingizi.

Deo akanitazama. Alijua. Akainamisha kichwa, akasema, "Mimi nataka dawa ya maji."

Hapo ndipo kivuli kikatuangukia. Rama alikuwa amesimama chini ya kibaraza, jasho linamtoka, kifua kinapanda na kushuka. Nyumbani kwao feni lilikuwa linazunguka juu ya meza tupu.

"Zile ngazi zinachosha," akasema, anaangalia pembeni.

"Pole," nikamwambia, na nusu ya pole ile ilikuwa ya kweli. "Vua viatu, upande."